Mwili Umekataa Chuma? Mwongozo Kamili wa Aleji ya Vyuma vya Mifupa

Miezi minne baada ya kuwekewa pleti na skrubu saba kwenye muundi wa kulia, mguu ulianza kuniwasha. Haukuwa muwasho wa kidonda kinachopona, ule ninaujua. Huu ulikuwa wa usiku, wa kukukurupua usingizini ukute kucha ziko kazini tayari. Ngozi juu ya kovu ilikuwa imegeuka rangi, imekakamaa, na ina vipele vidogo vinavyotoa majimaji. Kila aliyeuona mguu huo alitoa hukumu ileile: mwili umekataa chuma. Shangazi alisema hivyo. Kinyozi naye. Muuza duka la dawa alikubaliana nao, kisha akaniuzia antibiotiki za siku tano.

Daktari wa ngozi hakukubali haraka. Alinikalisha karibu na dirisha, akapitisha kidole taratibu pembezoni mwa vipele. "Ona," akasema, "upele wako una kona." Kweli. Ulikuwa mstatili kamili, urefu wa kidole cha kati, upana wa vidole viwili. Pleti yangu ni ndefu mara mbili ya hapo na imepinda kufuata mfupa. Kilichokuwa na umbo lile ni plasta niliyokuwa nikiibandika kila asubuhi ili buti isisugue kovu. Niliacha plasta, nikapaka dawa aliyoniandikia kwa wiki mbili, ukaisha. Pleti ipo hadi leo na hatugombani.

Ila kwenye benchi la kliniki hiyohiyo nilikaa na dada mmoja mwenye vyuma kwenye kifundo cha mguu, na yeye mwili ulikuwa umekataa kweli. Nitamrudia. Nataja sisi wawili kwa sababu kazi yote ya mwongozo huu ni kukusaidia kujua wewe ni yupi kati yetu, au kama ni mtu wa tatu, mwenye maambukizi, ambaye ndiye wa kuogopwa kuliko sisi wote.

Kinachotokea ndani

Vyuma vingi vinavyowekwa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika katika hospitali zetu ni stenlesi ya kitabibu, inayoitwa 316L. Sehemu kubwa ni chuma cha kawaida, lakini ndani yake mna kromiamu asilimia 17 hadi 19 na nikeli asilimia 13 hadi 15. Fimbo za SIGN, zinazotengenezwa Richland katika jimbo la Washington, Marekani, na ambazo madaktari wetu wengi wanazipenda kwa sababu zinaweza kufungwa ndani ya mfupa bila mashine ya eksirei thieta, nazo ni stenlesi. Magoti na nyonga za bandia hutumia zaidi mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, ambao nikeli yake haizidi asilimia 1. Titaniamu ya mifupa kwa kawaida huchanganywa na aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4.

Hakuna chuma kinachokaa ndani ya mwili bila kuliwa hata kidogo. Majimaji ya mwili yana chumvi, na skrubu inasuguana na pleti kila unapokanyaga. Chembe za nikeli ndogo mno hutoka, hujishika kwenye protini za mwili, na kinga ya mwili ikiziona zikiwa zimejishika hivyo inaweza kuzichukulia kama adui. Seli za kinga zinazohusika huitwa seli T, nazo hufanya kazi polepole. Ndiyo maana aleji hii haifanani na ile ya karanga au nyuki, inayokuvimbisha midomo dakika ileile. Hii huchukua wiki au miezi, na mtu anaweza kusahau kabisa kwamba iliwahi kutajwa.

Jambo la pili, ambalo watu wengi huliruka: kuwa na aleji ya nikeli kwenye ngozi si sawa na kuikataa pleti. Wanawake wengi duniani, hasa waliotoga masikio, ngozi zao zinachukia nikeli, na wengi wao wanatembea na vyuma mwilini bila tatizo lolote. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walilinganisha rejista ya nchi yao ya nyonga za bandia na kumbukumbu za waliopimwa aleji. Hawakuona kwamba wenye aleji ya metali walirudishwa thieta zaidi ya wengine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "una aleji ya hereni, pleti utaikataa tu", mjibu kwamba si lazima.

Hatua ya kwanza: jihoji kabla ya kulala mezani

Kama upasuaji wako umepangwa, kwa mfano kubadilishwa goti au kutengenezwa mfupa uliounga vibaya, una muda wa kufanya uchunguzi wako mwenyewe. Usisubiri swali la "una aleji ya dawa yoyote?", kwa sababu swali hilo halikuulizi hereni. Jiulize haya:

- Hereni, kipini cha pua au bangili za bei rahisi zimewahi kukutoa vipele au majimaji?
- Una doa linalowasha chini ya kitovu, pale kifungo cha jinzi au bizimu ya mkanda inapogusa? Hiyo ni alama ya nikeli inayojulikana sana, na wanaume wengi huiita fangasi miaka na miaka.
- Wewe ni fundi ujenzi ambaye mikono inapasuka na kuwasha ukishika saruji? Saruji ina kromiamu ya aina inayochokoza ngozi, na Ulaya iliwekewa kikomo kisheria mwaka 2005 kwa sababu hiyohiyo.
- Unabandika au unabandikwa kucha za akriliki au jeli, na ncha za vidole zimewahi kuvimba na kuchubuka?

Swali la kucha linawashangaza watu, lakini liweke akilini. Goti la bandia mara nyingi hushikizwa kwenye mfupa kwa saruji ya mifupa, na saruji hiyo ni akriliki, ndugu wa moja kwa moja wa kemikali za saluni. Mara nyingi huchanganywa na antibiotiki ya jentamisini. Mtu aliyewahi kuvimba kwa mafuta ya neomaisini ya kupaka vidonda anaweza kuvimba kwa jentamisini pia, maana ni za ukoo mmoja. Fundi wa kucha anayekwenda kubadilishwa goti amwambie daktari wa mifupa kazi yake ni nini, hata kama haulizwi.

Ukijibu ndiyo, usighairi upasuaji. Mwambie daktari akiandike kwenye faili, na uulize mambo mawili tu: chuma kitakachotumika ni cha aina gani, na je, titaniamu inapatikana kwa upasuaji huu? Titaniamu ni ghali zaidi na si kila hospitali inayo kwa kila kipimo, basi uliza mapema ujue utajipanga vipi.

Lakini kama umeletwa na bodaboda imekulalia mguuni na mfupa umechungulia nje, sahau orodha hii yote. Hakuna kipimo cha aleji kinachostahili kuchelewesha mfupa wa namna hiyo. Funga kwa chuma kilichopo. Aleji ikija, itakuja polepole na inatibika. Mfupa uliooza hautibiki kirahisi.

Na ile ya kupima kwa sumaku, iacheni. Watu hubandika sumaku kwenye hereni, ikikataa kushika wanasema "safi, haina nikeli". Stenlesi 316L haishikwi na sumaku na imejaa nikeli.

Hatua ya pili: toka hospitali na jina la chuma chako

Hapa ndipo ninapoona tunakosea zaidi. Mtu anaweza kukutajia namba ya injini ya pikipiki yake lakini hajui ana chuma gani mguuni. Miaka mitatu baadaye anakwenda hospitali nyingine, faili la kwanza halionekani, na daktari anabaki kukisia kwa eksirei. Eksirei inaonyesha umbo, haisemi ni stenlesi au titaniamu.

Vifaa vinavyokuja kwenye pakiti iliyofungwa, kama magoti, nyonga na betri za moyo, huwa na stika ndogo za kubandua. Moja hubandikwa kwenye faili, moja ni haki yako kuiomba. Kwenye stika tafuta maneno REF na LOT. REF ni namba ya kifaa, LOT ni namba ya toleo. Kwa hizo mbili mtengenezaji anaweza kuulizwa kila kitu. Wakati mwingine, kwenye stika au kwenye kijikaratasi cha ndani, kuna namba ya kiwango, na hii ndiyo tamu zaidi. ISO 5832-1 ni stenlesi. ISO 5832-2 ni titaniamu tupu. ISO 5832-3 ni titaniamu yenye aluminiamu na vanadiamu. ISO 5832-4 ni kobalti na kromiamu. Hata anayekusomea akiwa hajui maana yake, wewe sasa unajua.

Pleti na skrubu za mivunjiko ni habari nyingine. Nyingi hazina stika kabisa. Zinakaa kwenye trei moja, zinapikwa kwenye otokilevu, mashine ya mvuke ya kuua wadudu, na daktari anachagua urefu anaoutaka kama fundi seremala. Hapo omba muuguzi wa thieta au daktari aandike kwenye karatasi yako ya ruhusa: aina ya chuma, idadi ya skrubu, tarehe, upande wa mwili. Pleti yenyewe huwa na maandishi madogo yaliyochongwa, lakini ukishafungwa nyama juu yake, nani atayasoma? Piga picha karatasi hiyo kwa simu na umtumie mtu wa nyumbani. Simu huibwa.

Hatua ya tatu: siku na wiki za mwanzo

Ukiwa bado wodini na baada ya sindano ya dawa ukavimba uso, ukatoka mabaka mwili mzima, kifua kikabana au ukahisi kuzimia, hiyo si pleti. Ni aleji kali ya haraka, na watuhumiwa wake ni antibiotiki, dawa za nusukaputi, glavu za mpira au dawa ya kusafishia ngozi. Inahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, nusu miligramu kwa mtu mzima, papo hapo. Ita kwa sauti, usione haya. Baadaye hakikisha jina la dawa iliyoshukiwa limeandikwa kwenye faili.

Vipele vinavyotokea ndani ya wiki mbili za kwanza karibu na kidonda, mara nyingi mhusika yuko nje ya ngozi: gundi ya plasta, ayodini, mafuta ya antibiotiki, gundi ya kufungia ngozi, au majani ya dawa ambayo mama mkwe amekandika usiku. Wenye hogo, ile plasta ngumu ya mvunjiko, nao huwashwa kwa jasho lililokaa ndani, na wengine huingiza waya wa kuchokolea wakajichana. Usifanye hivyo, mchubuko wa waya ni mlango wa wadudu.

Hatua ya nne: ondoa maambukizi kwanza

Sasa tuseme imepita miezi, na mguu una shida. Kabla hujatamka neno aleji, thibitisha kwamba si maambukizi. Naliweka hili mbele ya mengine yote kwa sababu kosa la upande mmoja lina gharama ndogo na la upande mwingine lina gharama ya mguu. Mwenye aleji akidhaniwa ana maambukizi, atapimwa bure. Mwenye maambukizi akidhaniwa ana aleji, atapakwa steroidi, dawa inayotuliza kinga ya mwili, huku usaha unakula mfupa.

Maambukizi yana maumivu zaidi ya muwasho. Maumivu yanakuwepo hata umelala, sehemu ina joto ukilinganisha kwa mgongo wa kiganja na mguu mwingine, homa inakuja na kuondoka. Tundu dogo linalotoa maji au usaha, linafunga na kufunguka tena, ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tundu kama hilo likiwa juu ya chuma, nenda hospitali wiki hii.

Vipimo vinavyoombwa kwanza ni vya damu, CRP na ESR, vinavyoonyesha kama kuna uvimbe ndani ya mwili, pamoja na eksirei ya kuangalia kama mfupa umeunga na kama skrubu imelegea. Goti au nyonga ya bandia ikiwa imevimba, daktari atavuta maji kwa sindano na kuyaotesha maabara. Ikifikia kufunguliwa, inafaa zichukuliwe sampuli kadhaa za nyama, kwa kawaida kama tano, kutoka sehemu tofauti. Sampuli moja hudanganya.

Hapa antibiotiki za duka la dawa zinafanya madhara makubwa. Ukizimeza, wadudu wanapungua kiasi cha kutoota maabara lakini hawafi. Jibu linakuja "hakuna wadudu", daktari anaelekea kwenye aleji, na wewe unapotea njia. Ndiyo maana wataalamu hupenda mgonjwa asiye na hali ya hatari akae angalau wiki mbili bila antibiotiki kabla ya kuchukuliwa sampuli. Kama ulishameza, sema. Sema jina la dawa na siku uliyomaliza. Mimi nilisema, nikakaripiwa kidogo, ikaisha.

Hatua ya tano: usome upele wenyewe

Maelezo mengi utakayokutana nayo yanasema "tafuta wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu ule hauonekani. Utaona zambarau, kijivu au weusi uliokolea kuliko jirani yake. Kwa hiyo tumia vidole: ngozi yenye aleji huwa nene, inakwaruza, ina vipele vidogo unavyovihisi kabla ya kuviona. Kaa kwenye mwanga wa mchana, si wa taa.

Piga picha kila Jumapili, mahali palepale, na weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Picha nne zenye sarafu zilimsaidia daktari wangu kuliko maelezo yangu yote.

Kisha angalia umbo. Mstari ulionyooka na kona ni kitu kilichobandikwa au kuvaliwa. Upele unaofuata njia ya pleti chini ya ngozi, bila mpaka mkali, unatia shaka ya chuma. Upele unaotokea juu ya chuma na pia mahali pa zamani pa nikeli, kama masikioni au chini ya kitovu, unatia shaka zaidi. Maana yake mwili umeamka kila mahali ulipowahi kuumizwa.

Kwa waliobadilishwa goti kuna mtego mmoja. Mara nyingi kisu cha mbele ya goti hukata vijineva vya ngozi, na upande wa nje wa kovu unakuwa na ganzi. Miezi baadaye ngozi hiyo yenye ganzi inaweza kukauka na kutoka ukurutu. Inakaa upande mmoja tu wa kovu, pale penye ganzi. Gusa kwa pamba: kama upele na ganzi vinalala mahali pamoja, chuma hakina hatia, na mafuta ya kulainisha pamoja na steroidi ya kupaka kwa muda mfupi hutosha.

Kuna wagonjwa ambao hawana upele kabisa ila goti linauma, linajaa maji na halikunjiki. Aleji hutajwa kwao, lakini iwe ya mwisho kwenye foleni. Goti lililokaa vibaya, lililolegea au lenye wadudu ni la kawaida zaidi.

Hatua ya sita: kipimo cha mgongoni

Maambukizi yakishaondolewa na umbo la upele likielekea kwenye chuma, kinachofuata ni kipimo cha viraka. Si cha damu, wala si kile cha kuchomwachomwa mkononi cha vumbi na chavua. Uliza kliniki za ngozi za hospitali kubwa za rufaa. Piga simu kwanza, kwa sababu daktari anaweza kuwepo lakini dawa za kipimo zisiwepo.

Vijikopo vidogo vyenye kemikali hubandikwa mgongoni kwa safu. Nikeli huwekwa kama salfeti, asilimia 5 ndani ya vaselini kwa mtindo wa Ulaya, 2.5 kwa mtindo wa Amerika Kaskazini. Omba pia kobalti na kromiamu, na kama una goti la saruji, akriliki na jentamisini. Viraka vinakaa saa 48. Vinabanduliwa, mgongo unasomwa, unarudi tena siku ya nne, na kwa metali ni vizuri kurudi siku ya saba, maana hujibu kwa kuchelewa. Anayekusoma siku ya pili tu na kukuambia huna aleji hajamaliza kazi.

Maandalizi ni ya kero. Siku hizo mbili huogi mgongo, hubebi mizigo, hutoki jasho. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, hilo la jasho ni mtihani. Viraka hujibandua vyenyewe. Mimi ningekwenda mwezi wa saba. Usianikie mgongo juani wiki kadhaa kabla. Kama unameza prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, mwambie daktari, usiiache ghafla mwenyewe. Na hili la mwisho watu hulificha: losheni za kung'arisha ngozi. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli, na ukiwa umejipaka mgongoni, kipimo kitanyamaza hata kama una aleji. Daktari hana haja ya kukuhukumu, ana haja ya mgongo usio na dawa.

Usomaji kwenye ngozi nyeusi ni wa kugusa. Jibu chanya ni eneo lililoinuka, lenye vipele vidogo na muwasho. Huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi, lakini hufifia.

Hatua ya saba: kutoa hukumu

Aleji ya chuma cha ndani inaaminika zaidi mambo manne yakikutana: ukurutu ulianza wiki au miezi baada ya chuma kuingia, unakaa juu ya chuma au hauondoki kwa matibabu, kipimo cha mgongoni ni chanya kwa metali iliyomo ndani ya chuma chako, na ngozi inapona kabisa kikitolewa. La nne unalijua mwishoni tu, ndiyo maana hakuna daktari mkweli atakayekuapia kabla.

Ona kwamba la tatu linahitaji ile karatasi ya hatua ya pili. Ukiwa chanya kwa nikeli na chuma chako ni titaniamu, umegundua aleji ya hereni, si ya mguu.

Mfupa ukiwa haujaunga, chuma hakitolewi kwa sababu ya muwasho. Ngozi inatulizwa kwa steroidi ya kupaka na mafuta mazito ya kulainisha, unasubiri. Ukishaunga, kutoa pleti au fimbo ni jambo linalofanyika mara nyingi, kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miwili kutegemea mfupa. Goti au nyonga ni tofauti kabisa. Kutoa goti la bandia na kuweka jingine ni upasuaji mkubwa kuliko wa kwanza, na asiulizie mtu mpaka milango mingine yote imefungwa. Zipo aina zilizopakwa tabaka la kauri au zenye zirkoniamu kwa watu wa namna hii.

Vifaa vingine, kwa ufupi

Kijiti cha uzazi wa mpango hakina metali ya kukataliwa. Ni plastiki laini au silikoni yenye homoni. Mkono ukivimba na kuwa na joto, ni maambukizi au damu iliyovilia, rudi kliniki na usikichokoe kwa wembe. Kitanzi cha shaba: aleji yake ipo lakini ni adimu, na hedhi nyingi peke yake si aleji. Betri ya moyo ina ganda la titaniamu. Ngozi juu yake ikibadilika rangi au kuwa nyembamba ni dharura ya maambukizi, usiipe jina la aleji nyumbani. Vizibo vya kuziba tundu la moyo, wanavyowekewa watoto wengi, vina waya wa nitinoli ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni nikeli, basi mzazi wa mtoto mwenye aleji ya nikeli aseme mapema.

Nyonga za chuma juu ya chuma, yaani mpira na kikombe chake vyote ni vya chuma, zina habari yake. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR duniani kote, kwa sababu zilikuwa zikirudishwa thieta mapema mno. Kwenye nyonga za aina hii vumbi la kobalti na kromiamu huweza kuharibu nyama jirani. Hapo tatizo la kwanza ni vumbi lenyewe. Ndugu zetu waliofanyiwa upasuaji Ulaya au Marekani miaka ya 2000 wanaweza kuwa nazo. Wakaulize, na wapimwe kobalti kwenye damu.

Chuma kikishatoka

Ngozi hupona kwa wiki kadhaa, si usiku mmoja. Matundu ya skrubu yanabaki kwenye mfupa na yanaudhoofisha kwa muda, kwa hiyo usirudi uwanjani wala usibebe gunia kabla ya daktari kukuruhusu kwa eksirei. Kama upele upo palepale miezi sita baadaye, haukuwa chuma. Rudi kwa daktari wa ngozi na uanze upya bila aibu.

Yule dada wa kifundo alikuwa na hereni zilizomtesa tangu sekondari, pleti ya stenlesi, nikeli chanya siku ya nne na ya saba. Alisubiri mfupa uunge, wakamtoa, na mara ya mwisho tulipoonana kifundo kilikuwa kimebaki na doa tu. Aliomba apewe vyuma vyake. Anavitunza kwenye kopo la vaselini pamoja na kadi iliyoandikwa "aleji: nikeli", na kadi hiyo aliibeba mwaka huu kwa daktari wa meno alipotaka kumfunga nyaya, kwa sababu nyaya za meno nazo zina nikeli.